Hongo ya Kipanya

Simba amesifiwa, tembo amesifiwa, hata gongo imepata waimbaji wake. Lakini kipanya cha kompyuta kisicho na waya, kile kinachokata kauli mara tu fundi anapobadilisha kitu ndani ya kasha, hakijapata msifu hata mmoja. Kimepata matusi. Kimegongwa mezani, kimepulizwa tumboni, kimetolewa betri na kurudishiwa ileile, kisha kikaitwa feki. Leo nasimama kukitetea, na pa kukitetea ni Ulyankulu, mkoani Tabora, maana kama kuna nchi inayoelewa mgomo wa aina hii, ndiyo hii.

Tuanze na nasaba, kama ada ya sifa inavyotaka. Babu yake alizaliwa mwaka 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford, Marekani. Douglas Engelbart ndiye aliyemfikiria, Bill English akamuunda. Alikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Angechongwa Tabora, bila shaka angekuwa wa mninga. Tarehe 9 Desemba 1968 akaonyeshwa hadharani mjini San Francisco, akiburuta waya wake. Mwaka 1991 kampuni ya Logitech, iliyoanzia Uswisi, ikatoa kipanya kinachotumia mawimbi ya redio. Tangu hapo ukoo huu umekuwa wa watangazaji. Kila kipanya ni kituo kidogo cha redio, wengi wao wakirusha matangazo karibu na gigahezi 2.4, na kwa kawaida kina msikilizaji mmoja tu duniani: kile kipokezi kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

Hapo ndipo ilipo fadhila yake ya kwanza, uaminifu. Kipanya hakisikilizani na kipokezi cha jirani, hata kama vimetoka kiwanda kimoja, rangi moja, boksi moja. Ukipoteza kipokezi chake, kinakaa eda hadi mwisho wa maisha, isipokuwa wale wachache ambao kiwanda kiliwaruhusu kuolewa tena kwa programu maalumu. Nani kati yetu anaweza kudai uaminifu wa namna hiyo?

Fadhila ya pili ni kudai heshima, na hapa historia ya Tabora inanisaidia. Mtemi Mirambo, aliyeitawala Urambo na nchi za kando yake hadi alipofariki Desemba 1884, hakuwa na ugomvi na biashara. Alichotaka ni kutambuliwa: msafara unaopita nchini mwake upige hodi na ulipe hongo, yaani ushuru wa njia. Waarabu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, walipoona huyu ni wa kupuuzwa, mwaka 1871 njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley alikuwa Tabora wakati huo, ana haraka ya kumtafuta Livingstone. Akajiunga na Waarabu kumpiga Mirambo, wakapigwa wao, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Ndipo Stanley alipopata akili: akazunguka kusini, na Novemba akafika Ujiji.

Kipanya ni mfuasi wa siasa hiyo. Umeingiza mazabodi mpya, umeongeza diski, umebadilisha kadi ya Wi-Fi, na hukumwambia. Kinafunga njia. Mwenye steshenari pembeni ya barabara, akiwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka kuchapa fomu za mkopo na mkulima anayesubiri barua ya kupeleka chama cha msingi, anakisukuma huku na huku. Mshale umesimama katikati ya kioo kama nguzo ya umeme. Atakasirika. Lakini hongo inayodaiwa si kubwa, na kila mara ina sababu.

Mara nyingine kinadai utulivu. Umechomeka diski mpya ya nje kwenye tundu la bluu, tundu la USB 3.0, na kipokezi kiko ubavuni mwake. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza kwa maandishi kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele za redio zinazoingia katika eneo lilelile la gigahezi 2.4. Kwa hiyo diski inakopi mafaili kwa kasi, na kipanya kinapiga kelele bila kusikika. Hongo yake: hamisha kipokezi kwenye tundu jeusi la mbele, au kiunge kwa waya mfupi wa nyongeza kikae mbali na diski na mbali na bati la kasha.

Mara nyingine kinadai mkalimani. Fundi ameweka mazabodi mpya lakini anang'ang'ania Windows 7, iliyotoka mwaka 2009 bila draiva za USB 3.0. Mazabodi nyingi za kuanzia mwaka 2015 ziliondoa kile kidhibiti cha zamani ambacho Windows 7 ilikifahamu. Ndiyo maana kipanya kinatembea vizuri ndani ya BIOS, kisha kinazimia ghafla skrini ya kusakinisha inapofunguka. Fundi anaapa kwamba kimeharibika. Hakijaharibika, kimeletwa ugenini bila mtu wa kukitafsiria. Hongo yake ni draiva. Kama mazabodi bado ina matundu ya duara, la zambarau la kibodi na la kijani la kipanya cha waya, pitia humo kwanza hadi draiva ziingie.

Mara nyingine kinadai tu kwamba fundi amalize kazi aliyolipwa. Matundu ya mbele ya kasha hayapati uhai hadi waya wake wa ndani uchomekwe kwenye mazabodi, na waya huo ndio unaosahaulika kuliko wote. Kipanya cha Bluetooth nacho kinasajiliwa kwenye kifaa cha redio kilicho ndani ya kompyuta, ambacho mara nyingi kimeungana na kadi ya Wi-Fi. Ukibadilisha kadi, umefuta ndoa, ifungwe upya. Na kama antena ndogo za nyuma hazijafungwa skrubu, kipanya kitasikika kikiwa kimebanwa karibu na kasha tu, kwa sauti ya mgonjwa.

Watu wa Ulyankulu hawana sababu ya kukicheka chombo kinachosubiri kutambuliwa. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi. Walifyeka miombo, wakalima mahindi na tumbaku, wakaishi kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, na Barabara ya 13 ikatoa kwaya iliyobeba jina hilo mbali kuliko barabara yenyewe inavyofika. Hata hivyo vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwaka 2014. Aliyekaa miaka zaidi ya 40 akifanya kazi huku karatasi inasubiriwa anajua kwamba kuwepo ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine. Kipanya kinalikumbusha hilo tu, tena kwa dakika chache.

Fadhila ya tatu ni ualimu. Mwenye steshenari ambaye kipanya chake hakijawahi kugoma anajua kubofya, basi. Aliyegomewa amelazimika kuzunguka kusini kama Stanley, kwa njia ya kibodi. Amejifunza kwamba kitufe cha Windows hufungua menyu, Tab na mishale humpeleka anakotaka, Windows pamoja na X, kwenye Windows zilizofuata 7, huleta orodha yenye msimamizi wa vifaa, na Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja huugeuza upande wa namba wa kibodi kuwa kipanya cha dharura. Humo ndani ya msimamizi wa vifaa atakuta ile ruhusa inayoiacha kompyuta iizime USB ili ibane umeme, aiondoe. Hakuna semina iliyomfundisha hayo. Amefundishwa na kile alichotaka kukitupa.

Wapinzani watasema: kwa nini mateso yote haya, na kipanya cha waya kipo droo ya chini, hakiombi betri wala kutambulishwa? Nakubali kipo, na kila mwenye busara ana kimoja. Lakini tazameni tabia ya hao wanaotii. Diski ngumu inakubali kila badiliko kimyakimya, hadi siku inapokufa na kumbukumbu za misimu mitano ya tumbaku. Pauwa saplai hailalamiki kupewa mzigo usio wake. Inanuka tu mara moja, jioni. Na nje ya kasha, tunajua ofisi ambazo mkuu mpya akiingia, wote wanapiga makofi kabla hajasema neno, na aliyeuliza kwa heshima, "Samahani mzee, utaratibu ukoje?" anaonekana mkorofi. Ndani ya kompyuta nzima, mwenye ujasiri wa kuuliza swali hilo siku ya kwanza, mbele ya wateja, ni kijitu cha plastiki chenye betri moja.

Kwa hiyo napendekeza kipanya kipandishwe cheo, kiwe mkaguzi. Fundi akifunga skrubu ya mwisho na kunyoosha mkono, asilipwe hadi mkaguzi atembeze mshale kutoka kona hadi kona, diski ya nje ikiwa inafanya kazi na kila tundu limejaribiwa. Fundi akilalama kwamba kipanya si sehemu ya makubaliano, mwambieni nchi hii ina mtemi wake, na hongo yake inaanzia chini: akipindue, atazame tumboni kama swichi imewashwa.