Pointi 11 za Mwanangu

Jirani, sogea hapo kwenye benchi, ila angalia msumari, umeshanichania suruali mbili. Leo sina habari ya siasa wala ya mpira. Nina mtoto aliyemaliza fomu foo. Basi. Kama na wewe unaye, utanielewa. Kama huna, kunywa soda yako na ucheke taratibu, maana siku yako inakuja.

Ilikuwa Machi 2024. Nimerudi zangu nyumbani, daladala imenikamua mbavu, miguu inawaka moto. Hata viatu sijavua. Binti akanijia polepole, kichwa kakiinamisha upande, ule upande wa kuomba hela.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nataka kubadili tahasusi."

Mimi nikasikia jasusi. Wallahi sitanii. Nikafunga mlango. Nikafunga na dirisha. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Nani huyo? Anakufuatilia tangu lini?" Mtoto akanitazama. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko, akanitazama na yeye. Nikafungua dirisha.

Kumbe tahasusi ndiyo kombi! Si wangesema? Wakati wetu ilikuwa kombi tu. Ukivuka fomu foo unachukua masomo matatu, unakaa nayo miaka miwili, fomu faivu na siksi, mwisho wa habari. Fizikia, Kemia, Hisabati, PCM. Fizikia, Kemia, Biolojia, PCB. Leo neno limevaa kanzu na kilemba, mimi nitalitambuaje?

Binti akanieleza kwamba serikali imetangaza kombi mpya 49. Jumlisha na zile 16 za zamani, zinakuwa 65. Sitini na tano! Jirani, mimi duka la Mangi lina aina tatu za sabuni na bado narudi nyumbani na isiyo yenyewe. Halafu eti zimegawanywa makundi saba. Sayansi lipo, sayansi ya jamii lipo, lugha, biashara, sanaa, dini, mpaka michezo. Michezo! Mimi nilichapwa viboko sita kwa kuruka ukuta kwenda kuangalia mpira, leo mtu anaupiga huo mpira na anapewa cheti. Nilizaliwa mapema sana.

Lakini binti yangu hakutaka mpira. Anataka sayansi. Na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mimi nilitaka PCM. Awe injinia. Sababu yangu nzito: bomba la kwetu linavuja tangu mwaka juzi. Mama watoto akasema PCB. Ana presha, foleni ya hospitali imemchosha, anataka daktari wa kuzaa mwenyewe. Shemeji, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kompyuta ndiyo dunia ya leo. Shemeji simu yake ukimpigia inajizima. Wote watatu tunabishana juu ya kichwa cha mtoto, mtoto amekaa katikati anamenya vitunguu. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Nikikumbuka naona aibu, lakini siku ile nilikuwa nimeshika kasi.

Nikaomba matokeo yake niyapige hesabu. Biolojia B, Jiografia B, Kemia C, Fizikia D, Hisabati D. Akanielekeza A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne. Nikachukua kalamu. PCM: nne na tatu na nne, 11. PCB: nne na tatu na mbili, 9. Ile ya Kemia, Biolojia na Jiografia, wanaita CBG, ikatoka 7. Nikatabasamu. Kombi yangu ndiyo inaongoza ligi.

Sikukaa. Nikaja hapahapa kwa Mangi, kifua mbele. Benchi limejaa. Nikatangaza, "Mwanangu ana pointi 11 za uinjinia! Kuna watoto wamemaliza na pointi tatu tu, maskini." Watu wakanyamaza. Mimi nikadhani wameingiwa na wivu. Nikamwambia Mangi ampe kila mtu soda kwa hesabu yangu. Soda saba, jirani. Saba. Na mmoja akaomba ya chupa kubwa.

Mwalimu mstaafu, yule wa pale kona, akasubiri mpaka akamaliza soda yake. Akafuta midomo. Akaniambia kwa upole, ule upole unaouma, "Mzee mwenzangu, hii si ligi. Huku mwenye pointi nyingi ndiye anayeshuka daraja. Mwenye tatu ana A zote." Halafu akaongeza, "Kombi haitakiwi izidi pointi 10, na F isionekane. Hiyo 11 yako ndiyo imemtoa."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini wasiseme?" Akasema wanasema kila mwaka. Benchi zima likaangalia chini kwenye soda zangu. Mangi akaniletea hesabu imeandikwa kwenye kipande cha boksi.

Basi PCM ikafa, nikaizika bila matanga. Zikabaki PCB na CBG. Mimi nikaibukia upande wa CBG, kwa sababu pointi 7 sasa nimeshaelewa ni uzuri, na Jiografia naijua, nimeshafika Morogoro. Binti akasema, "Baba, bila Fizikia sipati udaktari wa binadamu. Wanataka zote tatu." Mama watoto akapiga kofi. Mimi nikasema nilikuwa nampima tu.

Ila nikabaki na dukuduku. D ya Fizikia! Huyu mtoto Fizikia anaiweza? Jirani, nikwambie ukweli, mimi nilikimbia Fizikia fomu sirii, na Kemia nikaikimbia siku hiyohiyo ili nisirudi mara mbili. Maabara yetu ilikuwa na kufuli kubwa kuliko ya benki. Mwalimu alituchorea bureti ubaoni kwa chaki, akatuchorea na chupa chini yake, akatuambia sasa rangi inabadilika. Sisi tukaandika: rangi imebadilika. Ilikuwa chaki nyeupe. Mpaka leo sijui ilibadilika kuwa nini.

Jumapili yake binti akanionyesha. Sikuomba. Mimi nilikuwa nimekaa na glasi yangu ya juisi ya rozela, wengine mnaita choya, nyekundu kama damu ya mzee, barafu inaelea. Nikageuka kidogo kumfukuza kuku. Kugeuka hivi, juisi ya bluu! Bluu inayoelekea kijani, jirani, rangi ya maji ya kufulia sare za shule. Nikaruka. Kiti kikaanguka. Nikaita jina la bibi yangu aliyekufa zamani.

Binti amesimama ana kijiko. "Ni magadi tu, baba." Magadi! Yale ya kulainishia maharage. Akakata ndimu, akakamulia humohumo. Ikachemka povu, nyekundu ikarudi palepale kama haijawahi kuondoka. Akasema rozela inatambua tindikali na besi. Tindikali, nyekundu. Besi, inageuka. Shuleni wana dawa yao, finofthalini, kwenye besi inakuwa ya pinki, unadondosha asidi tone kwa tone kutoka kwenye bureti mpaka tone moja, moja tu, linaifuta pinki yote. Hapo unasoma namba. Ukizidisha tone, umeharibu, unaanza upya. Aliposema "tone moja" alibana vidole viwili na jicho moja akalifumba, na mimi, mtu mzima, nikajikuta nimebana vidole na kufumba jicho.

Nikamuuliza, "Sasa hii juisi inanyweka?" Akasema kwa usalama aimwage. Nikawa nimeshakunywa. Usiku ule sikulala, na si kwa mawazo.

Kesho yake tukaenda steshenari kubadilisha. Fomu iko kwenye mtandao, wanaiita selfomu. Mimi nilikwenda na kalamu mbili na gundi. Kijana wa pale, ana vipokea sauti shingoni, akaniuliza, "Namba ya mtihani, mzee?" Nikamtajia namba ya simu. Binti akamtajia yenyewe. Kijana akaniomba nisogee kidogo, naziba mwanga.

Nikaona nimedharaulika. Nikaamua nirudishe heshima kwa ushauri. Nikamwambia binti kwa sauti, ili na kijana asikie, "Uzuri wa PCB mwanangu, ile hisabati ndiyo umeikwepa moja kwa moja." Kijana akacheka bila kugeuka. "Mzee, kuna BAM."

"Bamu ndiyo nini?"

"Hisabati, mzee. Ukichukua sayansi ukaacha hisabati yenyewe, wanakupa BAM."

Nikasema basi tuweke CBG. "BAM ipo." Ile yenye Kilimo? "Ipo." Nikamkumbuka jirani mmoja mwanawe yuko EGM, Uchumi na Jiografia, nikasema ile je? Kijana akanigeukia kwa huruma. "Ile M, mzee, ndiyo Hisabati yenyewe. Advansi." Kila mlango ninaotokea, hesabu imeshakaa kwenye kiti inanisubiri.

Nikamuuliza kijana, hivi wewe haya yote umeyajulia wapi? Akasema, huku anabonyeza, "Nimepiga PCB mimi." Ikawa kimya. "Nikatoka na E moja na S mbili." Mashine ya fotokopi ikalia, akaenda kuipigapiga ubavuni ikanyamaza. Binti akaangalia kioo. Mimi kwa mara ya kwanza siku ile nikakosa ushauri. Kijana akarudi, akamuuliza binti, si mimi, "Dada, nikuwekee PCB ya kwanza?" Binti akasema weka. Kijana akasema, "Fizikia usiiache mpaka mwisho. Mimi niliiacha mpaka mwisho." Halafu akanigeukia, "Elfu mbili, mzee." Nikatoa. Gundi nikaisahau pale.

Majina yakatoka. PCB, shule ya bweni, mkoani, mbali kiasi kwamba nauli ya basi nilidhani wamenitajia bei ya basi. Lakini nikajifariji, ada ya fomu faivu na siksi si ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23? Nikapiga mluzi. Ndipo nikapewa ile karatasi ya kujiunga. Kumbe ada imefutwa, godoro halijafutwa. Ndoo haijafutwa. Jembe, fagio la chelewa, rimu, shuka mbili za rangi ambayo haipo duniani. Kalkuleta ya kisayansi: nikamnunulia ile ya hapa kwa Mangi, inayolia ukibonyeza. Binti akaibonyeza mara moja, ikalia, akaniambia ahsante baba, akampa mdogo wake achezee. Vifaa vya kupasulia. Nikauliza, kupasua nani? "Panya, baba. Chura. Mende." Nikamwambia mende mbona wamejaa jikoni, si waje wapasulie kwangu.

Na koti la maabara. Jeupe, mikono mirefu. Dukani bei yake nikaisoma mara mbili, nikarudisha macho mfukoni. Nikaenda zangu mitumba Ilala. Nikachambua marobota asubuhi nzima, nikalipata. Jeupe pe! Zito, vifungo vyote vipo, lina maandishi ya Kizungu mgongoni ambayo si Kiingereza, nikajua hili limetoka hospitali kubwa Ulaya. Kifuani, juu ya mfuko, kuna nembo ndogo imedariziwa kwa uzi wa waridi. Nikadhani ni ramani ya nchi yao. Muuzaji akataka elfu nane, nikamshusha mpaka elfu tano. Nikaondoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Nyumbani mama watoto akalikunjua. Akalisogeza dirishani. Akaniita kwa jina langu kamili, ambalo hulitumia msibani tu. "Hii si ramani. Hiki ni kichwa cha nguruwe."

Nikavaa miwani. Masikio mawili, pua ya matundu. Jirani, nimenunua koti la bucha. La kitimoto. Binti alikaa chini kwa kucheka, akashikilia mguu wa meza. Mama watoto akachukua wembe afumue uzi, akafumua na kitambaa, sasa pale kifuani pana tundu lenye umbo la nguruwe, masikio yote mawili yanaonekana vizuri kuliko mwanzo.

Basi ikabidi niende dukani, nilipe ile bei niliyoisoma mara mbili. Binti amesafiri Jumatatu na koti lake jipya. Hili la tundu nimebaki nalo mimi. Sikutupa, elfu tano ni elfu tano. Jana asubuhi palikuwa na baridi nikalivaa, nikaja hapa kununua mkate. Ustaadhi aliponiona akavuka barabara. Mangi akalitazama tundu, akalitazama tena, akaegemea kaunta.

"Mzee, kilo unauza bei gani?"

Nikamwambia elfu kumi na mbili. Akaagiza nusu.