Kabati la Vioo

Mpwa wangu wa Mji wa Kale anatafuta kabati la vioo. Si la sahani. La sanamu zake za plastiki, mashujaa wenye majoho na misuli isiyojua kazi ya bandarini. Kapima rafu, kapima taa. Ngazi ya nyumba, ambayo hata jeneza huteremshwa kwa mashauriano, hakuipima.

Wazee wetu walichimba zidaka ukutani, wakapanga kaure za Uchina, na mgeni akajua kaingia kwa nani. Zidaka za nyumba hii zilizibwa simenti zamani, ukuta unyooke. Sasa unyoofu huo unatafutiwa kabati.

Vyombo vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama 1697 chini ya Fort Jesus, vilikaa baharini karibu miaka 280 bila mtu kuvifuta vumbi. Dada yangu, mama wa mpwa huyo, kashauliza: sanamu hizi za plastiki atazifuta nani?

Hakujibiwa. Kabati lake la zamani limeshatolewa kupisha hilo jipya, na vikombe vyake vya ukingo wa dhahabu, ambavyo mgeni hakuwahi kuvigusa, vimeshukia jikoni. Jana nikanywea kahawa. Mashujaa, ahsanteni.