Ombi la Kupigwa Picha Kabla ya Kubomolewa

Kwa Waheshimiwa Mameya na Wakuu wa Mipango Miji,
Louisville, Columbus na Buffalo,
Marekani.

Januari 1, sikukuu ya kuzaliwa kwetu sote

YAH: OMBI LA KUPIGWA PICHA KABLA YA KUBOMOLEWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wapangaji wenu tunaosema Kiswahili. Mnatufahamu: ndio tunaopakia mizigo zamu ya usiku kwenye maghala yenu, na ndio ambao kila mkutano wa mtaa unatutafutia mkalimani siku moja baada ya mkutano. Wengine tulitoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, wengine Kakuma, wengine Dadaab, na yupo aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza, ambaye mpaka leo anajadiliana na nafsi yake kama kweli alishinda.

Tumekaa kwenu miaka ya kutosha kuzijua desturi, na mgeni mwenye adabu hufuata desturi za mji. Yenu tumeielewa hivi: mtaa wa wanyonge hubomolewa kwanza. Ikipita miaka arobaini, picha zake hutafutwa, zikapigwa fremu na kutundikwa ukutani, kwenye jengo lililoota mahali pa ule mtaa. Siku ya uzinduzi kiongozi husema neno la majonzi, keki ikakatwa. Kwa kuwa tunakaa mitaa hiyohiyo, tumeona tusiwacheleweshe. Tunaleta ombi mapema.

Msidhani tumekurupuka. Mafaili yenu tumeyapitia.

Tuanze na Louisville. Januari 1937 mto Ohio ulifurika ukameza zaidi ya nusu ya mji. Margaret Bourke-White wa jarida la Life akafika na kamera, na picha aliyoipiga bado inazunguka dunia. Foleni ya watu weusi, wake kwa waume, wana ndoo na vikapu, wanangoja msaada. Juu yao bango kubwa lenye familia ya wazungu ndani ya gari, baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote meno nje, pamoja na majigambo kwamba hakuna duniani penye maisha bora kama Marekani.

Picha hiyo haikutushangaza, maana sisi ni watu wa studio. Unguja, tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa, na Bukavu, na Kigoma, popote palipo na fundi wa picha, mtu alisimama mbele ya pazia lililochorwa: ndege, bahari, ngazi za jumba la kifalme. Aliyepigwa hakuwahi kupanda ndege, na aliyetumiwa picha alilijua hilo. Hakuna aliyedanganywa. Mteja aliondoka na nakala yake, na nyuma akaandika kwa kalamu ya wino: jina, mahali, tarehe, halafu “iwe kumbukumbu.” Louisville nako pazia lilikuwepo, tena la bure. Ila picha ilikwenda duniani bila majina ya waliosimama mbele ya pazia.

Na matokeo yake ndiyo haya. Wengi wanaoiona leo wataapa kwamba ile ni foleni ya watu wasio na kazi wakati uchumi ulipoanguka. Wapi! Ni watu waliofurushwa na maji. Picha haikusema uongo, ilikosa shahidi tu wa kuisemea. Matokeo yake, wanaosifika katika picha ile ni wale watano ambao hawakuwahi kuzaliwa, ukimhesabu na mbwa.

Mto ulirudi kwenye mkondo wake. Miaka ishirini hivi baadaye ikafika zamu yenu. Barabara ya Walnut, yenye maduka, kumbi za muziki na ofisi za watu weusi, ikavunjwavunjwa kwa jina la kuufufua mji. Mwaka 1978 mkaipa jina la Muhammad Ali. Hapo mlifanya jambo, tunawapongeza, maana Ali ni mtu wetu: wazee wa Kongo waliohamia Louisville wanalikumbuka pambano lake la Kinshasa la Oktoba 1974 kuliko namba zao za simu. Mmoja wao alishuka basi kwenye barabara hiyo, akatazama huku na huku, akauliza, “Sasa maduka ya Ali yako wapi?” Akaonyeshwa maegesho ya magari.

Buffalo, ninyi hamna upendeleo: mkubwa na mdogo wote kwenu hubomolewa. Jengo la Larkin, kazi ya Frank Lloyd Wright iliyokamilika mwaka 1906, liliangushwa mwaka 1950, na leo wanafunzi wa usanifu majengo wanalisoma kwenye picha. Kama la Wright halikupona, hizi nyumba zetu za mbao za West Side zina hirizi gani?

Kuna na Humboldt Parkway, barabara pana ya safu za miti aliyoibuni Frederick Law Olmsted. Miti ikakatwa, pakachimbwa bonde la barabara kuu ya Kensington, na mtaa wa watu weusi ukapasuliwa katikati kama papai. Baadaye ukaja mpango wa kiasi cha dola bilioni moja wa kulifunika bonde hilo ili juu yake pawe na majani na miti, na mpango wenyewe ukafikishwa mahakamani. Hesabu zetu ni za sokoni, mtusamehe: bilioni moja kununua kivuli kilichokuwepo bure! Mkitaka kujua miti ile ilisimama vipi, msihangaike na mshauri mwelekezi. Waulizeni akina bibi waliokulia pale wafungue albamu zao za harusi. Bibi harusi ndiye aliyekuja kupigwa picha, miti ilijipenyeza tu nyuma yake.

Tena Buffalo mliwahi kupata fursa adhimu, yale maonyesho makubwa ya mwaka 1901. Upande mmoja palijengwa kijiji cha “Afrika ya giza,” na Waafrika wakaletwa watazamwe kwa kiingilio. Mary Talbert wa kanisa la Michigan Street alipaza sauti pamoja na wenzake, wakitaka watu weusi waonyeshwe kwa heshima yao. Upande mwingine wa uwanja ukafika mkusanyo wa kazi za watu weusi uliotoka Paris, pamoja na albamu za picha za mwanasosholojia mweusi W.E.B. Du Bois: mabibi wa kofia, mabwana wa tai, watoto waliochanwa nywele wakachanika. Tuliziangalia picha hizo tukavimba vichwa. Halafu tukatafuta majina. Hayapo! Kwa hiyo, waheshimiwa, hatuwabebeshi mzigo peke yenu. Hata wa kwetu alihesabu watu akasahau kuwaita.

Columbus ndiyo iliyotufungua macho. Mwaka 1940 Rais Roosevelt mwenyewe alikuja kuzindua nyumba za umma za Poindexter Village, zilizojengwa mahali ambapo kitongoji cha watu weusi kiitwacho Blackberry Patch kilikuwa kimeondolewa. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Poindexter kuondolewa, yakabakizwa majengo mawili yawe makumbusho. Angalieni ustadi wa kazi hiyo: mtaa uliokaa juu ya kaburi la mtaa ukawa kaburi nao, na msiba wote ukasitiriwa kwa majengo mawili.

Mwaka uleule wa 1940 alizaliwa Aminah Robinson, akalelewa humo Poindexter. Hakungoja kamera ya mtu. Aliwaketia wazee, akawasikiliza, akachora na kushona kwa vitambaa, vifungo na uzi: muuza barafu, mnunua matambara, majirani na milango yao. Blackberry Patch ilikwisha kuvunjwa alipofumbua macho, basi akaichora kwa masikio. Alipofariki mwaka 2015 aliliachia Jumba la Sanaa la Columbus nyumba yake na kazi zake, na leo ukitaka kuuona mtaa ule unaonyeshwa na mkono wa mtu aliyeuliza.

Nasi tunao wa namna hiyo. Jirani zetu Wabantu wa Somalia, ambao kuanzia mwaka 2003 walipelekwa miji mbalimbali ya Marekani, yenu mitatu ikiwamo, ni wajukuu wa watu waliouzwa utumwani karne ya 19 kutoka Uzigua na kwingineko, wakafikishwa bonde la mto Juba. Picha hawakuwa nayo hata moja. Walikuwa na Kizigua. Vita ya 1991 ilipowatawanya, baadhi yao walifika mkoa wa Tanga, na kule Handeni, Uzigua penyewe, mazungumzo yakaendelea kana kwamba mtu alitoka kwenda kisimani akachelewa kidogo kurudi. Karne nzima na ushei, bila kabati la mafaili, bila mashine ya kuondoa unyevu! Tunawasihi msiwaajiri hao, wataziua idara zenu.

Sasa niwaeleze kilichonisukuma kuandika.

Mwaka juzi ofisi moja, katika mji mmoja kati ya mitatu (siutaji, ili haya iwafike wote), iliandaa jioni ya kukusanya kumbukumbu za wakazi. Tangazo lilisema: njoo na picha ya zamani. Mama mmoja wa mtaani kwetu akajifunga kanga mpya, akatoa picha yake ya pekee kwenye Biblia, tukaongozana.

Ni picha ya siku ya kuondoka Nyarugusu, mwaka 2014. Familia imesimama kando ya basi, kila mtu na ule mfuko wa plastiki wa IOM, shirika la uhamiaji, mkononi, mtoto wa mwisho amefumba macho.

Kijana wa mezani, mpole kabisa, akaeleza kwamba ya zamani ni ile iliyotimiza miaka hamsini. Yaani mama arudi 2064. Kisha akaona huruma, akaanza kujaza fomu. Tarehe ya kuzaliwa ya mama? Januari 1. Ya mumewe? Januari 1. Ya huyu mrefu? Januari 1. Kijana akainua kalamu. “Ni mapacha?” Mama akamjibu, nami nikatafsiri neno kwa neno: “Sote tumezaliwa mezani kwa karani.” Maana mtu asiye na cheti makarani walimwandikia mwaka wa kukisia na siku ya kwanza ya mwaka, na ndiyo sababu leo, tarehe niliyoiandika juu ya barua hii, mtaa mzima unakula keki moja.

Kijana akailaza picha kwenye mashine, uso chini, ikamulikwa, akairudisha. Mama akaigeuza.

“Na huku?”

Nyuma, kwa kalamu ya bluu, kuna majina kumi na moja. Tisa ni ya waliosimama kando ya basi. Mawili ni ya waliobaki kambini, aliyaandika ili picha isije ikadai kwamba familia ilikuwa ya watu tisa.

“Mashine inachukua upande mmoja,” kijana akasema. Kwenye sehemu ya maelezo akaandika, nikisoma juu ya bega lake: *Familia ya Kiafrika. Majina hayajulikani.*

Mama alikuwa amesimama mbele yake, umbali wa kikombe cha chai.

Waheshimiwa, uwezo mnao. Chuo Kikuu cha Louisville kinahifadhi maelfu kwa maelfu ya negativu za studio ya Caufield & Shook, kila moja na bahasha yake. Mnajua kutunza karatasi isipate ukungu. Mwenye karatasi ndiye mnayemwacha akapandishiwa kodi mpaka akahama, halafu mnaunda kamati ya kumtafuta. Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

1. Mpiga picha afike mtaani kabla ya mpima ardhi. Wakigongana mlangoni, apite wa picha.

2. Kila picha igeuzwe. Mashine ikigoma, penseli ipo.

3. Wazee weusi waliotutangulia kwenye mitaa hii wahojiwe leo, wakiwa bado na funguo za nyumba zao, na walipwe kama alipwavyo mshauri mwelekezi. Wao wanajua nani aliuza nini kona ipi. Sisi tunajua tu kwamba kona hiyo sasa inauza sambusa.

4. Mkitaka kuupa mtaa jina la mtu wetu, fanyeni hivyo tukiwa tungali tunaishi humo, ili tupotee njia wenyewe.

5. Mtaa ukianza kuitwa “wa kihistoria” kwenye vipeperushi vya madalali, tupewe taarifa ya siku thelathini. Tunajua maana yake. Tutaanza kufunga mizigo, na mifuko ya IOM bado tunayo.

Kwa upande wetu tunaahidi kutokufumba macho.

Wenu katika foleni,

Mpangaji, kwa niaba ya waliozaliwa leo.

Kiambatanisho: nakala ya picha moja, upande wa nyuma tu. Wa mbele mnao.

Nakala kwa:

Dereva wa tingatinga, kwa taarifa, utekelezaji asubiri.

Baba, mama, watoto wawili na mbwa, ndani ya gari, bangoni, Louisville. Imepokelewa.

Waliosimama chini ya bango hilo, Louisville. Imerudishwa na posta: bahasha haina jina.