Pointi Tano za Siku ya Kuzaliwa

Watu husifu mvua, husifu mama zao, husifu hata timu iliyofungwa mabao manne nyumbani kwake. Sijamsikia mtu akiisifu pointi ya viza. Siyo zile pointi tatu za Simba na Yanga. Nasema ile ambayo nchi za baridi humpimia mtu mwenye ujuzi anayeomba kuhamia kwao. Umri kiasi hiki, shahada kiasi hiki, lugha kiasi hiki, halafu wanajumlisha na jumla hiyo ndiyo wewe. Nimeishi nayo miaka mitatu. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimegombana na mke wangu kwa sababu yake. Kukaa kimya sasa kungekuwa utovu wa fadhila.

Nianze na nasaba yake, maana mtukufu husifiwa kwa ukoo. Ilizaliwa Kanada mwaka 1967, nchi hiyo ilipoamua kuacha kuwachagua wahamiaji kwa rangi na asili na kuanza kuwachagua kwa elimu, umri, lugha na ufundi. Australia na Uingereza wakaichukua, na Ujerumani iliyochelewa ikaja na Kadi yake ya Fursa Juni 2024, isiyodai zaidi ya pointi sita. Lakini kasri la pointi limebaki Kanada. Tangu Januari 2015 linaitwa Express Entry. Mhandisi kama mimi, asiyewahi kufanya kazi kule, kwanza anahesabiwa mlangoni: apate 67 kati ya 100. Akivuka, anakaribishwa ndani na kuhesabiwa upya, safari hii kati ya 1,200. Ndivyo mgeni wa heshima anavyopokewa, mara mbili.

Sifa zake ni nyingi, ila moja peke yake ingetosha: pointi inakumbuka siku yangu ya kuzaliwa.

Msidharau jambo hili. Mama yangu anakumbuka kwamba nilizaliwa mwaka ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, msimu wa maembe. Tarehe yenyewe aliiandika muuguzi. Kaka yangu hunikumbuka kila akipungukiwa. Kazini hunikumbuka umeme ukikatika. Pointi haijawahi kunisahau hata mwaka mmoja. Kwa mtu mwenye mke, Kanada humpa pointi 100 za umri tangu miaka 20 hadi 29. Akitimiza 30, kunapambazuka zikiwa 95. Kila mwaka, siku ileile, pointi inakuja bila keki na bila mishumaa, inabisha hodi na kuondoka na tano. Nilijiandikisha nikiwa na miaka 37, nikakuta nina 60. Nilipotimiza 38 zikawa 55. Nilipotimiza 39 zikawa 50. Msimu wa maembe uliopita nilitimiza 40, watoto wakaniimbia, na kabla sijapuliza kibiriti nilikuwa nimeshajua kwamba zimebaki 45.

Kuanzia 41 mapenzi yanazidi. Haichukui tano tena, inachukua kumi: 35, halafu 25, halafu 15. Ukifika 44 imekubakishia tano, kama nauli ya daladala. Siku unayotimiza 45 inakuja kuzichukua na hizo, na baada ya hapo hairudi tena, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuchukua. Australia wenyewe wana adabu zaidi: ukishatimiza 45 hawakualiki kabisa, wasije wakakusumbua.

Wahenga wetu walikosea sana katika hili. Walisema penye wazee haliharibiki neno. Walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Wakatwambia ng'ombe hazeeki maini, nasi tukaamini, tukaacha wazee wakae mbele. Pointi imekuja kuturekebisha, na natamani tuipokee katika kila jambo. Fikiria posa. Wajomba watano wamekaa ukumbini na kofia zao, wamemeza mate tayari kwa maneno mazito, halafu kijana anafungua kompyuta na kuwatangazia kwamba jumla ya umri wao wote ni sifuri, kwa hiyo mahari itapangwa na binamu wa miaka 24. Fikiria kikao cha bunge. Sijui wangebaki wangapi wa kufunga mlango. Fikiria fundi mkuu aliyenifundisha kazi, mzee ambaye husimama mbele ya transfoma iliyoungua, akavuta pumzi moja kwa pua na kukwambia ni koili ipi. Ana miaka 61. Kwa hesabu ya pointi, pua ile haipo.

Sifa nyingine nitazitaja kwa haraka, kama mshereheshaji anayemaliza orodha ya zawadi.

Pointi hufundisha unyenyekevu ndani ya ndoa. Mke wangu ni mwalimu, ana miaka 34, na Kiingereza chake ni safi kuliko changu. Jioni moja nilijaza hesabu upya nikimweka yeye mbele, akanishinda kwa mbali. Mimi niliyekuwa mwombaji mkuu nikageuka kipengele cha mwenza, ambacho hata kikijaa hakizidi pointi 40. Nikampa habari hiyo kwa unyonge. Akaniangalia juu ya madaftari anayosahihisha: "Baba Neema, kwani mimi nani aliniuliza kama nataka kuhama?"

Hufundisha ujirani mwema. Mwaka 2025 walioalikwa kuomba ukaazi kupitia kundi la wanaojua Kifaransa waliwahi kupita kwa pointi 379, wakati waliokwisha kufanya kazi Kanada kwenyewe walidaiwa zaidi ya 500. Tangu nilipojua hilo, jirani yangu aliyekulia Bujumbura sipiti mlangoni kwake bila "bonjour".

Haina upendeleo hata kwa kazi. Zamani mtu mwenye barua ya ajira kutoka Kanada aliongezewa pointi 50, na mkubwa wa kampuni 200. Kwa kuwa madalali waligeuza karatasi hizo biashara, tarehe 25 Machi 2025 pointi hizo zilifutwa zote. Hivyo hii ni viza ya wenye ujuzi ambayo kazi uliyoahidiwa kule haikuongezei hata pointi moja kati ya zile 1,200.

Na inakupunguzia uzito wa mfuko. Mwaka 2025, mwishoni kabisa zilikuwa dola 1,525 za Kanada kwa mtu mzima mmoja, mbali na 85 za alama za vidole. Asiyeridhika aende Uingereza, ambako hulipishwa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka atakaokaa, zote kabla hajapanda ndege, ili akiugua siku moja asione haya.

Hapa kwenye lugha naomba niiweke taadhima kando kidogo.

Nilianza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Tulichapwa kwa kusema Kiswahili uwanjani. Kanuni ya Ohm niliijua kwa Kiingereza kabla sijajua nitaielezaje kwa bibi yangu. Chuo kikuu miaka minne, kila mtihani kwa Kiingereza, kila ripoti kwa Kiingereza. Sasa nalipa fedha nyingi nikakae kwenye chumba baridi, nimevaa visikilizio, nimsikilize mtu asiyekuwepo akiulizia chumba cha kupanga chenye bustani, ili nithibitishe kwamba najua Kiingereza. Sawa, nimethibitisha. Lakini matokeo yanakufa baada ya miaka miwili! Maziwa huchacha, nyanya huoza, hayo nayajua. Kiingereza kinaozaje? Nimefanya mtihani huo mara mbili na msomaji namba moja wa matokeo yangu ni kalenda. Shahada nayo ilipelekwa kupimwa kama kweli ni shahada, na jibu hudumu miaka mitano. Baada ya hapo nadhani nitakuwa sijasoma.

Wala siyo mimi peke yangu. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliofaulu ni kumi. Hao ni watu waliosoma uuguzi kwa Kiingereza, na mafaili ya wagonjwa wanayaandika kwa Kiingereza kila siku. Ama mgonjwa wa Kenya ameandikiwa lugha isiyojulikana miaka yote hii, ama mtihani ule unapima kitu kingine.

Nimerudi. Samahani, niliahidi kusifu.

Kuna karatasi moja ambayo pointi huidai na ambayo imenifunza kuliko zote. Ni barua ya mwajiri. Haitoshi aseme nimefanya kazi kwake. Lazima aeleze nafanya nini hasa, saa ngapi kwa wiki, kwa mshahara gani. Nilimpelekea afisa utumishi wetu. Akaniuliza naenda wapi. Akasema barua ya namna hiyo hawana mfano wake. Akasema nirudi Jumatatu, na Jumatatu hizo zikafika kumi na mbili. Mwishowe akanipa jibu la busara: "Mhandisi, iandike mwenyewe, mimi nitagonga muhuri."

Nikakaa usiku kuiandika. Vituo vya kupozea umeme nilivyosimika. Rilei nilizozipanga. Transfoma nilizofufua usiku wa mvua. Vijana tisa niliowafundisha kazi, wawili kati yao sasa ni mabosi wangu. Ukurasa ukajaa, nikaenda wa pili. Nikasimamisha kalamu, maana niligundua kwamba katika miaka 14 hakuna mtu ofisini kwetu aliyewahi kuniuliza mambo hayo. Kila cheo kilipotangazwa, swali lililozunguka korido lilikuwa moja: unamjua nani? Pointi, pamoja na kalenda yake na ubahili wake, iliniuliza unajua nini. Sikuwa nimezoea swali hilo. Ilibidi nifikiri.

Mwezi uliopita alikuja binti wa dada yangu na bahasha ya kaki. Ni muuguzi, ana diploma na leseni, ana miaka 26, hajaolewa. Watu wameshamwambia kwamba mjomba ni mtaalamu wa pointi. Nikafungua kompyuta kwa fahari. Umri: 110, kiwango cha juu kabisa kwa asiye na mume. Nilimpongeza kama aliyepasi mtihani wa taifa. Lugha, tukakadiria vizuri. Elimu, siyo haba. Tukafika kwenye kazi.

"Miaka mitatu, Mjomba. Wodi ya wazazi."

"Mshahara?"

"Najitolea."

Nikasoma kanuni mara mbili, ingawa naijua kwa moyo. Kazi inayohesabiwa ni ile yenye ujira. Ya kujitolea haihesabiwi. Na bila mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya kulipwa, mlango niliopitia mimi haumfungukii. Miaka yake mitatu ilikuwa sifuri, sawa na umri wa wale wajomba wa posa.

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Sasa wale watoto niliowapokea usiku, Mjomba, watahesabiwa kama nini?"

Nilijiandaa kuilaani pointi, na maneno nilikuwa nayo. Nikayatafuta makosa katika kanuni ile, sikuyaona. Inasema kazi isiyolipwa siyo ajira. Aliyenipa taabu ni mwingine. Ni yule anayesimama kwenye mahafali kila mwaka na kuwaambia vijana wajitolee, wawe wazalendo, nafasi zitakuja. Ni yule anayempangia binti huyu zamu ya usiku kwa jina lake kamili, akichelewa anaandikiwa barua ya onyo, lakini mwisho wa mwezi jina hilo halionekani popote. Nafasi zinapotangazwa, anaambiwa ashindane na maelfu, na pembeni ananong'onezwa lile swali la korido. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanahesabu pointi usiku.

Kwa hiyo nasimama na sifa zangu. Pointi ni bahili, inapenda kalenda kupita kiasi, na Kiingereza changu imekidhulumu. Lakini kazi ya mtu inaitambua kwa mshahara wake, na kwa hilo imewashinda wenyeji wetu.

Leo binti yule ana zamu ya usiku. Asubuhi atarudi nyumbani kwa nauli aliyopewa na mama yake.