Unakwenda Wapi, Njomba?

Kwenye makaratasi, Naliendele ni kata ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, kwa hiyo ni mjini. Mikorosho bado haijapata barua hiyo. Ukitoka Mtwara kwa barabara ya Newala, kilomita kama 10 tu, nyumba zinaanza kuachana, mchanga unaongezeka, na kondakta anakutazama kwa huruma: "Unashuka hapa? Kwa nani?" Jibu la swali hilo uwe nalo kabla hujapanda gari, maana utaulizwa tena na tena kabla jua halijafika utosini.

Najua wapo watu ambao kwao mtu mzima na akili zake hufunga viatu, akachukua fimbo na mbwa, akazunguka mashamba ya wenzake asubuhi nzima, akarudi palepale alipoanzia, na mkewe asiite ndugu. Waingereza wameipenda kazi hii hata wakaitungia sheria, mwaka 1949, kwamba halmashauri zichore njia za miguu kwenye ramani ili kila mtu apite kwa haki yake. Miaka hiyohiyo, 1947 hadi 1951, serikali yao ilikuwa imepotea huku kwetu, Nachingwea, ikitafuta karanga kwa vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka Mtwara, bandari ya kina kirefu nayo ikajengwa, karanga zikakataa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Bandari tunayo. Karanga nazo zilikuja kukubali baadaye, bila vifaru: kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapahapa kijijini kimetoa mbegu ya Pendo, na nyingine wakaiita Naliendele 2009.

Basi wewe uliyesoma habari za matembezi ya mashambani, ukaona nawe ujaribu, sikia. Hapa "natembea tu" si jibu. Anayetembea tu ama amekuja kupima ardhi, ama amechanganyikiwa, ama ni mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho za mkulima kwa bakuli, gizani, kabla hazijafika ghalani. Tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mtu asiyefahamika akiikazia macho mikorosho ya watu hutazamwa kwa jicho hilo. Na usijaribu kudanganya kwamba unakwenda kwa mzee fulani. Utasindikizwa hadi mlangoni kwake, kiti kitatolewa, na utakaa hapo mpaka adhuhuri ukitafuta la kumwambia.

Kuhusu mwendo, sahau kilomita. Njia hupimwa kwa salamu. Kila mwenye mvi ana shikamoo yake, na marahaba haiji peke yake: nyuma yake kuna habari za nyumbani, za safari, za watoto, na mvua huko utokako. Ukipita palipo na watu wanakula utakaribishwa, na ukiitikia "nimeshiba" utakaribishwa tena kwa sauti ya juu zaidi. Wazee watano ni nusu saa. Kijana atakuita "njomba"; usidhani umepata mpwa wa bure. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli na mwenye kuombwa, kwa hiyo jina hilo ni heshima inayoweza kudaiwa baadaye.

Vibao vya kuelekeza njia havipo. Zipo njia za panya, nazo hapa zinaitwa hivyo kwa haki zaidi kuliko kwingine, maana ukimkuta mtu na jembe anachimba tundu kando ya njia, huyo yuko kwenye kitoweo. Ukialikwa jioni ukaambiwa kuna "samaki nchanga", usianze kuuliza kama ni changu au kibua. Samaki nchanga hajawahi kuiona bahari. Ana mkia mrefu, anakaa mchangani kama jina lake lisemavyo, na akikaushwa vizuri ananukia kuliko kuku wa hoteli. Hulazimishwi, lakini usipige kelele. Mwenyeji wako ameshasikia kelele za wageni wengi na amechoka.

Usikate kona porini kwa kuwa umeona njia ya mkato. Kuna upupu. Asiyeujua upupu simwelezei, ataelezwa na ngozi yake.

Ukija Julai utaamka alfajiri, utafungua dirisha na kuona ukungu umelala juu ya mikorosho, jua likichungulia nyuma yake. Utakimbilia simu upige picha. Mwanangu, hiyo ni salfa. Ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia maua ya mkorosho, na dawa yake ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike. Mpulizaji amejifunga kitambaa usoni. Wewe umesimama mdomo wazi, unavuta hewa safi ya kijijini.

Ukija Oktoba, korosho zinaanguka. Hapo ndipo wageni wengi huharibu. Zimelala chini, hakuna uzio, hakuna mtu, na mkono unakutuma. Korosho iliyoanguka haijatupwa: ndivyo inavyovunwa. Kila mti una mwenyewe, na mwenyewe yuko karibu kuliko unavyodhani. Ukipewa moja mbichi usiivunje kwa meno, kwa sababu ganda lina mafuta yanayounguza, na utarudi kwenu na midomo ambayo haielezeki. Bibo, tunda la mkorosho, kula, ila ulifanyie adabu: inama, nyonya, na usilisogeze karibu na shati jeupe, kwa kuwa doa lake halitoki. Likikukaba koo, vumilia, ndivyo lilivyo.

Mabibo yakikamuliwa na maji yake yakaachwa kidogo, yanakuwa uraka. Unaonekana kama juisi iliyochujwa vibaya na unashuka kwa upole. Wapo wageni waliouliza, baada ya kikombe cha tatu, kama una kilevi. Walipata jibu walipojaribu kusimama.

Mahali pamoja utaacha utani wote huu. Hapa Naliendele kuna makaburi ya mashujaa, askari wetu waliofia Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Vua kofia. Ukimkuta mzee amesimama pale, shikamoo inatosha, na kama hataki mazungumzo basi hataki.

Viatu nimevisahau. Acha buti nyumbani. Huu ni mchanga, utajaa ndani ya buti na utabeba Naliendele nusu kila mguu. Wenyeji wanakwenda kwa kandambili na wanakupita.

Saa kumi hivi, umechoka, hujafika popote, maana hukuwa na pa kufika, mama mmoja atakuita kutoka kivulini. Unarudi mjini? Atakutwisha kiroba cha ming'oko, vile viazi vya porini, bado vina mchanga wa shimoni. Ni vya mdogo wake, yuko Magomeni hukohuko mjini, nyumba ya pili ukipita msikiti, ulizia mama wa mapacha. Hakuulizi jina wala simu.

Hatua mia mbele utakutana na kijana wa asubuhi, yuleyule aliyekuita njomba.

"Unakwenda wapi, njomba?"

"Napeleka ming'oko Magomeni."

Atasogea pembeni ya njia. "Haya, wahi. Gari lile linageuza."