Buti za Mpira Zinunuliwe Kiangazi: Mwongozo kwa Mheshimiwa Anayekwenda Kukagua Mafuriko

Mheshimiwa, buti za mpira zinunue mwezi wa nane. Zivae siku ya jua kali, shuka kwenye gari katika mtaa wowote wa bondeni, kisha ufuate mfereji kwa miguu tangu barabarani hadi unapomwaga maji mtoni. Mwenyekiti wa mtaa atangulie, mhandisi wa halmashauri afuate, mpiga picha abaki ofisini. Utayaona yale ambayo Aprili huwa yamefunikwa na maji: mfuniko wa zege uliokatika vipande viwili, mchanga uliojaa robo tatu ya kalavati, chupa za plastiki na pampasi zilizonasa kwenye nondo, ukuta wa mtu uliosimama katikati ya njia ya maji. Tazama na nyumba ya jirani. Ule mstari wa kahawia chini ya dirisha ndipo maji yalipofika masika yaliyopita. Simama kando yake ujipime. Ukikufika kifuani, basi mwanafunzi wa darasa la kwanza ulimpita kichwa.

Ziara hiyo ina maana kwa sababu bado kuna la kufanya. Ziara ya Aprili ni ya kuhani, na kuhani ni wajibu wetu sote. Ila msiba unaorudi kila mwaka kwa njia ileile una mtu wa kuulizwa.

Ukimaliza kutembea, jifunze rangi tatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Taarifa hizo zinafika kwenye simu yako kama zinavyofika kwenye simu ya muuza chipsi wa Manzese, lakini wewe una gari, fungu la bajeti na watu wa kuwaagiza. Kwa hiyo andika mapema, kwenye karatasi moja: ikitoka njano, nani anakagua mifereji, ikitoka chungwa, shule ipi inafunguliwa kupokea watu na ufunguo wake uko kwa nani, ikitoka nyekundu, nani anafunga barabara na nani anapita nyumba kwa nyumba usiku. Andika majina ya watu na namba zao za simu. Neno "kamati" halitoshi, maana saa nane za usiku kamati haigongi mlango wa mtu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hizo ziwepo tangu ngazi ya taifa hadi huku chini tuliko. Waulize wakazi wakutajie mjumbe mmoja tu wa kamati yao. Wakishindwa, ujue iko kwenye faili.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ingekuja na El Niño, mvua juu ya wastani. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Mvua ziliendelea. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba waliokufa kwa mafuriko na maporomoko wamefika 155, na walioathirika ni zaidi ya 200,000. Hakuna anayekulaumu kwa mawingu, Mheshimiwa, wala hakuna anayedai ungejua saa ambayo mlima ungemeguka. Lakini tangu Agosti hadi Aprili ni miezi minane. Ukiulizwa, usitusimulie ukubwa wa mvua, tuliiona. Tutajie tarehe: siku mliyopokea utabiri, siku fedha zilipotoka, siku mfereji ulipozibuliwa. Kama mojawapo haipo, sema haipo, na useme ilikwama kwenye meza ya nani.

Sehemu inayofuata ningependa uisome ukiwa Jangwani, Dar es Salaam. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza mjini na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Jangwani ni mahali ambapo mto unatanuka, na mzee yeyote wa Magomeni angekwambia hivyo bure. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Bonde likawa limeshasema lililo nalo. Hata hivyo, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, karakana yake ilikuwa imejengwa humohumo. Baada ya hapo, mvua kubwa ziliponyesha karakana ilijaa maji, mabasi yakaharibika, Barabara ya Morogoro ikafungwa, na mtu wa Kimara anayetoka kazini Kariakoo akahangaika hadi usiku.

Miezi michache tu kabla ya mabasi hayo kuanza, Desemba 2015, tingatinga liliingia Mkwajuni, Kinondoni, kubomoa nyumba za bonde hilohilo, na kuta nyingine zikapigwa alama nyekundu ya X. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mama mwenye vyumba viwili na banda la kuku alipimiwa kwa futi ya sheria hiyo. Karakana ya umma ilipimiwa kwa ipi? Swali hili linaniuma, kwa sababu aliyebomolewa alilala nje, na aliyeidhinisha ujenzi bondeni hatujatajiwa jina.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na katika kazi zilizopangwa kuna daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana. Ni kazi njema, nataka ifike mwisho. Deni lake tutalilipa sote, pamoja na yule mama. Basi, Mheshimiwa, kila bango la mradi lina jina la mkandarasi na la mhandisi mshauri. Ongeza mstari mmoja wa jina na cheo cha aliyetia saini kwamba maji hayafiki hapo.

Kuhusu misaada nitasema kidogo, maana unga, maharage na magodoro mnayajua. Ongeza taulo za kike, na dawa za presha, sukari na ARV ambazo watu wameziacha ndani ya nyumba. Kabla ya kuifanya shule kuwa kambi, hesabu matundu ya choo. Na orodha ya waathirika isiandikwe kwa kuhesabu wenye nyumba peke yao: Dar nyumba moja ina milango sita, na kila mlango ni familia. Mpangaji naye kapoteza kitanda, jiko na mtaji wa vitumbua.

Halafu fedha. Bunge la Bajeti linaanza Aprili, masika yakiwa yamekolea, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kutoka Julai hadi vuli ya Oktoba kuna miezi mitatu mikavu. Fungu la mifereji litoke humo. Likitoka Desemba, mkandarasi atachota tope ndani ya maji na kulirundika ukingoni, na mvua ya wiki ijayo italirudisha lilikotoka, huku hati ya malipo ikisomeka kazi imekamilika. Madiwani wadai taarifa ya fungu hilo Septemba, na isomwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, mfereji kwa mfereji, shilingi kwa shilingi.

Ukirudi masika, njoo na orodha ya ahadi za ziara iliyopita. Ukipewa kipaza sauti, isome hiyo kwanza, pole zifuate. Kila ahadi iseme kama imetimia. Ambayo haikutimia, taja ofisi iliyokuwa na fedha na tarehe mpya. Kisha mpe kipaza sauti mwenyekiti wa mtaa aseme kama uliyosoma ni kweli, na usipande gari mpaka amalize.