Jinsi ya Kupamba Ripoti Isiyo na Kitu

Ripoti inatakiwa saa kumi jioni na huna cha kuripoti? Tulia. Tangu John Gruber alipotoa Markdown mwaka 2004, yaani namna ya kupamba maandishi kwa alama kama nyota (*) na reli (#), pambo halihitaji hata kipanya. Fungua Notepad. Nyota na reli umeshazizoea kwenye kutuma pesa, na hapa salio halipungui.

1. Anza na reli. Andika #, ruka nafasi, kisha maneno: hicho ni kichwa kikuu. Reli mbili, kichwa kidogo. Ngazi zinafika sita, nawe zitumie zote. Ripoti yenye vichwa vingi haisomwi, inaheshimiwa.

2. Nenepesha. Zungushia neno “mkakati” nyota mbili kila upande, liwe na wino mzito. Angalia tu: kwenye WhatsApp nyota moja inatosha, lakini ukija na mazoea hayo huku, neno litainama badala ya kunenepa. Likiinama, sema ndivyo ulivyotaka.

3. Katakata. Sentensi moja igawe vipande vitano, kila kimoja kianze na kistari na nafasi. Tayari una orodha. Ukitaka ya namba, andika “1.” kwenye kila mstari; programu itakuhesabia. Uvivu huu ni halali kabisa.

4. Mnukuu bosi. Weka alama ya > mwanzoni mwa mstari, kisha maneno aliyoyasema kwenye kikao kilichopita. Sijaona bosi aliyeikataa hekima yake mwenyewe.

5. Chora jedwali. Gruber hakuliweka, wengine waliliongeza baadaye, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo likivurugika kwenye kompyuta ya mhasibu, uliza kwa upole: “Kwani wewe unatumia programu gani?” Mjadala utahamia huko, na tarakimu hazitaulizwa.

6. Geuza kabla ya kutuma. Pandoc, programu ya John MacFarlane, itakupa faili la Word kwa amri moja. Usithubutu kutuma lile la asili! Markdown ilibuniwa isomeke vizuri hata kabla ya kugeuzwa, na ripoti yako ndicho kitu kimoja kisichopaswa kusomeka.

7. Wakisisitiza kuliona lile faili la asili, ongeza reli moja juu kabisa, na mbele yake neno hili: Rasimu.